Jina la Twaiba Kwenye Chupa

Twaiba binti Chirau alijua kusoma, ila si zile herufi ambazo Diani nzima ilikuwa ikizisoma. Alikaa chuoni kwa maalimu wa Kurani miaka minne, akahitimu, na kalamu ilimkaa mkononi kuliko wavulana wote aliosoma nao. Shule hakuitia mguu. Baba yake alisema msichana akifundishwa Kizungu ataandikia wanaume barua, na maneno yakaishia hapo. Akabaki na alifu na be zake, na kwa miaka mingi hakuona kwamba amepungukiwa na kitu.

Kazi yake ilikuwa kupika mafuta ya nazi. Alikuna nazi zake mwenyewe, akakamua tui la kwanza tu, akalipika kwa moto mdogo huku akikoroga bila kuondoka, kwani tui ukiliachia mkono kidogo mafuta hutoka na harufu ya kuungua, na harufu ya kuungua haifichiki hata kwa gunia la asumini. Yakishapoa aliyatia maua ya asumini na vilua, akayafunika siku tatu. Mumewe Sefu alizichukua chupa kwa baiskeli, akazipeleka kwenye maduka ya mahoteli, Wazungu wakajikandia migongo.

Mwaka wa kumi na nane wa ndoa yao, Sefu alirudi kutoka Mombasa na bunda la karatasi zilizopigwa chapa, zina picha ya mnazi na maandishi mazuri ya kijani.

"Haya ndiyo mambo ya kisasa," alimwambia. "Chupa isiyo na karatasi ni kama mtu asiye na kitambulisho."

"Zimeandikwaje?"

"Zimeandikwa mafuta. Ungetaka ziandikwe mafuta ya taa?"

Twaiba alicheka. Akakoroga gundi ya unga wa ngano, akawa kila wiki anabandika karatasi zile kwa mkono wake, moja moja, akizilainisha kwa kitambaa zisifanye mikunjo. Mwanawe Swabir, aliyekuwa darasa la nane, alikaa naye ukumbini akimpokeza chupa. Mwaka mzima ukapita hivyo. Kisha siku moja akaja mwanamke mmoja wa Msambweni kununua mafuta nyumbani, akaigeuza chupa mkononi na kuuliza, "Na huyu Mwanasha ni nani? Ni bintiyo?"

Mwanasha alikuwa mke wa pili wa Sefu. Alikuwa amewekwa Ukunda kwenye nyumba ya mawe, na Twaiba alikuwa hana habari naye. Iliyompa habari ni karatasi, na karatasi aliibandika yeye. Alipomgeukia Swabir, mtoto aliinamisha kichwa akasema, "Baba alinikataza kukusomea." Sefu naye alipoulizwa alileta talaka tatu kwa mkupuo, akamchukua Swabir, akaenda zake na baiskeli, wateja na bunda lililobakia.

Mtu akiibiwa kitu hulalamika. Twaiba hakujua alalamikie nini, maana hakuna mkono uliomwibia isipokuwa wake. Kilichomkaa kooni si yule mke. Wanaume huoa. Kilichomkaa kooni ni zile chupa, mamia ya chupa, kila moja imetoka kwenye sufuria yake na kwenda duniani ikimtaja mwingine.

Basi akawa na haja moja tu: mafuta yake yaende sokoni yakiwa na jina lake, alione kwa macho yake, na alisome mwenyewe.

Haja hiyo ilipata njia mwaka uliofuata zile vurugu za Likoni za kuwafukuza watu wa bara, mvua kubwa zilipokwisha. Wageni walikuwa wamekimbia, mahoteli yamefungwa milango, na hoteli moja ikawa inauza hata vyombo vya ofisini. Mmoja aliyevipata ni Kavenya, Mkamba wa kwenye mashamba ya makazi nyuma ya Diani, aliyewahi kuwa karani wa hoteli hiyohiyo. Alikuwa amelipwa nusu mshahara na nusu vyombo: kompyuta, mashine ya kuchapia, na mashine nyingine bapa yenye kioo, ambayo ukiilaza karatasi juu yake, picha yake huingia ndani ya kompyuta. Alivipanga chumbani mwake kando ya kitanda, akivifunika kwa leso, akawa anapiga chapa kadi za arusi na za matanga. Watu wengi wa pwani hawakwenda kwake, na yeye tangu zile vurugu alikuwa hafungui mlango kabla ya kuuliza mara mbili.

"Ni nani?"

"Ni mimi Twaiba, wa Kinondo. Mpika mafuta."

"Nani tena?"

"Mwanangu, nina chupa moja mkononi na ugonjwa wa magoti. Nitakufanya nini?"

Kavenya akafungua huku akicheka. Alisikiliza kisa chote, akatoa karatasi iliyokuwa haijawahi kuonekana na Twaiba: nyeupe, nyororo, imekatwa tayari visehemu ishirini na moja, na kila kisehemu ukikibandua nyuma kina gundi yake. Hakuna unga, hakuna kupika.

"Sasa mama, tuandike nini? Mafuta Safi ya Nazi, halafu jina lako hapa chini kubwa."

"Kwa herufi gani?"

"Si hizihizi za kawaida, za Kizungu?"

"Hizo za kawaida ndizo zilizoniua," alisema Twaiba. "Nipe karatasi nikuandikie."

Akaandika kwa Kiarabu, polepole, kwa mwandiko aliofundishwa na maalimu. Juu kabisa aliweka Bismillahi, kwa kuwa chuoni kwao mtoto aliyeanza kuandika chochote bila Bismillahi alichapwa. Chini yake akaandika: Mafuta ya Twaiba binti Chirau, Kinondo. Basi.

Kavenya aliitazama ile karatasi, akaigeuza juu chini, akairudisha. "Ni nzuri, siwezi kudanganya. Lakini wa kuisoma ni nani? Watu wa duka, watu wa Ukunda? Tuweke na hii yetu pembeni, hata kidogo."

"Wewe unasema imeandikwa Twaiba. Nitajuaje?"

"Mama, kwani mimi naweza kukufanyia hivyo?"

"Sikusemi wewe. Mimi nilizaa mtu aliyenifanyia hivyo."

Kavenya akailaza karatasi kwenye kioo, mwanga ukapita chini yake kutoka upande hadi upande, na jina la Twaiba likajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, mwandiko wake mwenyewe, hata pale kalamu ilipoteleza kwenye herufi ya nuni. Kwanza Kavenya alilichapa kwenye karatasi ya kawaida, akaiweka juu ya ile ya gundi, akazinyanyua zote mbili dirishani kuona kama majina yameingia vyumbani mwao. Hayakuingia, jina lilikatwa na mstari. Akasogeza, akachapa tena, wakaenda dirishani tena. Mara ya tano ndipo kila jina lilipokaa mahali pake. Shida iliyobaki ilikuwa wino. Mweusi uliobakia, nao umekauka nusu kwa kukaa kwenye ile hoteli iliyofungwa, uliishia kwenye majaribio hayo, na wa kununua ulikuwa mpaka Mombasa.

"Nina hii rangi tu. Kama manjano-manjano hivi, inaenda kwa nyekundu."

"Rangi ya zafarani," alisema Twaiba. "Tia hiyohiyo. Inapendeza."

Zikatoka karatasi mbili, majina arobaini na mawili. Twaiba aliyasoma yote, moja moja, kidole kikifuata, na Kavenya akamwachia ayasome ingawa yalikuwa ni jina moja. Nyumbani alizifuta chupa kwa majivu hadi zikalia, akabandika, akafunika kila karatasi kwa seloteipu wino usichuruzike. Zilijaza meza yote. Jioni hiyo hakupika chakula. Alikaa akizitazama kama mtu aliyeletewa wajukuu.

Mwezi wa Shaabani ulikuwa umeingia, na arusi zilikuwa zinabanana kabla ya Ramadhani. Wanawake walitaka mafuta ya kumsingia na kumsugua bwana arusi na bibi arusi, ya nywele, ya mwili. Abdurahman mwenye duka njiapanda alizipokea chupa kwa furaha, akazipanga ubao wa mbele.

Wiki ya kwanza haikuuzwa hata moja. Wiki ya pili Twaiba akenda mwenyewe.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba. Mbona ziko zote?"

Abdurahman aliifutafuta mizani yake isiyokuwa na vumbi. "Bi mkubwa, mimi sina neno. Wateja ndio wana maneno."

Hakuwahi kumaliza. Waliingia wanawake watatu kununua sukari, na kiongozi wao, Kanze muuza mbaazi, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika, aliziona chupa kabla ya kumwona mwenyewe aliyekaa nyuma ya gunia la mchele.

"He! Lile kombe bado lipo?"

"Si kombe, ni mafuta," alisema mwenzake.

"Mafuta gani yanaandikwa kwa zafarani kama aya za kombe, zinazooshwa akanyweshwa mgonjwa? Nimepakwa mafuta tangu nizaliwe, sijaona yaliyoandikwa Bismillahi. Wanasema ameyasomea. Ukijipaka hayo, mume hatoki nje hata kwenda msikitini."

"Basi nipe mbili!" alidakia wa tatu, wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Cheka tu. Yeye yalimshinda kwa Sefu, atayaweza kwa wako? Anachotaka ni kumpata Mwanasha ajipake, aharibikiwe na mimba."

Hapo Twaiba akasimama. Kicheko kikakatika kama taa iliyopulizwa.

"Ni jina langu," alisema. "Kanze, wewe ulisoma chuoni nyuma yangu. Soma. Ni jina langu tu."

Kanze alikuwa na aibu, lakini hakurudi nyuma. Akaishika chupa kwa ncha za vidole, akasoma kwa sauti ya chini, kisha akairudisha ubaoni kwa heshima kama mtu anayerudisha msahafu. Sasa hakuwa akitania.

"Ni jina lako, dada. Nimeona. Lakini na la Mungu lipo juu yake. Mafuta haya ni ya bafuni na ya kitandani. Nitaingia vipi bafuni na Bismillahi mkononi? Nitaiweka wapi mikono ikishateleza mafuta, chini, karibu na shimo la choo? Hata kama si kombe, sipeleki dhambi hiyo nyumbani kwangu. Wewe ulikuwa unafikiria nini?"

Alichokuwa akifikiria Twaiba ni fimbo ya maalimu wake, na heshima, na kuanza jambo kama linavyoanzwa. Hakufikiria chupa inakokwenda ikishafunguliwa. Uchawi angeapa kuwa hakuufanya. Hili la Kanze lilikuwa kweli, na yeye aliyehitimu alistahili kulijua kabla ya mtu yeyote.

Kavenya, alipoletewa habari, alikuwa tayari kuanza upya palepale. "Tunatoa ile ya juu, tunabaki na jina. Hata bure nitakuchapia."

"Watasema jina la Mungu nimelificha ndani ya mafuta."

"Basi tuandike kwa hizi zetu."

"Watasema ya zafarani nimewaficha wasiyasome." Twaiba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, chupa zimejaa kapuni. "Mwanangu, karatasi haina neno. Sasa wanaijua sura yangu. Mafuta ya Twaiba ni mafuta ya uchawi, na hilo hakuna mashine ya kulichapa likafutika."

Mafuta yale hayakufaa hata kukaangia, kwa sababu ya asumini. Akayarudisha nyumbani. Siku ya tatu alimwona Sefu akishuka kwenye baiskeli uani, amenenepa, ana kofia mpya. Hakuingia ndani, talaka tatu haina kuingia. Alisimama penye mlango wa makuti.

"Nimesikia una mafuta yamekukalia."

"Umesikia vizuri."

"Mwanasha ana miezi saba, hawezi kukaa na moto. Na maduka ya Mombasa yananililia. Nitayachukua yote, ila uzibandue hizo karatasi. Za kubandika ninazo mimi."

Twaiba alimtazama. Alikuwa na maneno ya miaka miwili, ameyapanga mchana na usiku. Alitafuta la kuanzia, akaona kila moja linaishia palepale: sufuria ni yake, nazi ameshazinunua, na mtu mwingine wa kuyanunua mafuta hayupo.

"Rudi alasiri," alisema.

Karatasi zile za Kavenya hazikukubali kubanduka. Maji hayakuzifanya kitu, na kisu kilizichana kikaacha gundi inata kama utomvu wa fenesi. Mwisho akachovya kidole kwenye mafuta yenyewe, akasugua, na gundi ikaachia. Akaendelea hivyo chupa baada ya chupa, akitumia mafuta yake kuondoa jina lake. Vipande hakuvitupa jaani, kwa kuwa vilikuwa na Bismillahi. Alivikusanya kwenye bakuli hadi cha mwisho, akavichoma kama zinavyochomwa karatasi za msahafu uliochakaa, jivu akalifukia mahali pasipokanyagwa.

Sefu alirudi akazihesabu chupa, akainusa moja, akafumba macho kidogo.

"Mkono wako haujabadilika," alisema. "Nyingine zitakuwa tayari lini?"

"Nazi zikikunwa leo, Ijumaa."

"Ijumaa basi." Akazifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaondoka bila kuaga.

Twaiba akaingia jikoni, akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia.