Mstari Uliopita Kwenye Ngoro za Mama

"Waya ni waya, dada," fundi aliniambia. Tulikuwa tumesimama sebuleni, kwenye nyumba mpya ya mama ambayo ilikuwa bado haina milango. "Umeme hauulizi umesoma wapi."

Nilikuwa na karatasi mkononi, na nilikuwa nimeikunja na kuikunjua mara nne. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilikuwa shujaa. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango narudi kuushika. Nikipima ukuta napima mara tatu, na kipimo cha tatu kikilingana na vile viwili, naanza kuwa na wasiwasi na tepu yenyewe. Mchoro ule ulikuwa wa kumi na moja. Ile kumi ya kwanza niliifuta kwa raba mpaka karatasi zikatoboka.

Umeme sikuusomea popote. Nilijifunza kwenye simu, na kwenye kitabu kisicho na jalada nilichokipata mnadani Mbinga, na nilijifunza kwa sababu moja tu: nauogopa. Mama alipoanza kujenga, alisema nyumba itakuwa na umeme, na banda la kahawa nalo litakuwa na umeme, kwa sababu amechoka kuzungusha mashine ya kumenya kahawa kwa mkono. Anataka mota. Banda letu liko chini kabisa, jirani na kijito, maana kahawa inahitaji maji mengi. Sakafu ya pale haikauki tangu Juni mpaka Septemba, msimu wa kuosha kahawa. Tangu siku hiyo nilikuwa namwona mama akilini mwangu, miguu imelowa, mkono umeshika swichi, na sikuweza kumwondoa hapo.

Fundi aliletwa na baba mdogo. Alikuwa kijana wa ziwani, kutoka Mbaha, mcheshi, mwenye koleo mfukoni kama watu wengine wanavyoweka kalamu. Mpango wake ulikuwa mfupi. Achukue waya kutoka kwenye soketi ya jikoni, aupitishe juu ya nguzo tatu za mkaratusi mpaka bandani, kazi iishe kabla ya chakula cha mchana.

"Hapana," nilisema.

"Hapana nini?"

"Banda liwe na waya wake kutoka kwenye meni swichi. Liwe na breka yake, ijizime hitilafu ikitokea. Liwe na ethi yake." Nilimaanisha nondo inayozamishwa ardhini, ili umeme ukipotea njia uende huko badala ya kumpitia mtu. "Na waya upite chini, ule wenye ganda la chuma. Upepo wa hapa unaangusha migomba, utaziacha nguzo zako?"

Fundi alimtazama baba mdogo. "Mzee, umeniita kufanya kazi au kufanya mtihani?"

"Mwanangu," baba mdogo aliniambia kwa upole ule unaokera kuliko ukali, "huyu ndiye aliyeweka taa kigangoni. Padri mwenyewe anasomea misa chini ya taa zake."

"Neno lako naliheshimu, baba mdogo. Lakini padri haoshei kahawa altareni."

Mama, aliyekuwa nje anachambua maharage, alicheka kwa sauti. Kisha akasema maneno yaliyoniokoa: "Nyumba ni yangu. Mwacheni aonyeshe."

Nikatandaza karatasi juu ya mfuko wa saruji. Nakiri kwamba nilikuwa nimeisubiri dakika ile kwa wiki nyingi. Kila chumba kilikuwa na swichi upande ambao mkono unaifikia. Meni swichi ilikuwa mahali pakavu, karibu na mlango, juu kuliko mkono wa mtoto. Na kutoka hapo ulishuka mstari mmoja mwekundu, mnyoofu kabisa, mita arobaini na mbili mpaka bandani, kina cha nusu mita. Niliupenda mstari ule. Nilikuwa nimeukokotolea unene wa waya, ili mota isikose nguvu inapoanza kuzunguka.

Fundi aliinama. Akakuna shingo.

"Ramani ni nzuri," alisema. "Kusema kweli, ni nzuri. Injinia wa simu!"

Baba mdogo naye akaitikia kwa kichwa. Nikahisi joto usoni. Na hapo mama akaingia, ungo kiunoni, akaweka kidole juu ya mstari mwekundu.

"Huu unapita wapi?"

"Chini ya shamba, mama. Moja kwa moja."

"Shamba lipi? La ngoro?"

"Ndiyo. Lakini nimefikiria. Hauendi mashimoni. Unafuata matuta, ili udongo wa juu uwe mwingi."

Mama alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Matuta ya mwaka huu," akasema.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Milima ya Umatengo ni mikali, kwa hiyo hatulimi sesa, yaani tambarare, tunalima ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, yakafanya miraba. Wanawake huingia na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale kwa udongo. Palipolazwa majani panakuwa tuta, katikati panabaki shimo la kushika maji ya mvua. Maharage hupandwa juu ya tuta, mahindi hufuata. Na baada ya mahindi, kila kitu huanza upya na kuhamishwa: penye tuta panakuwa shimo, penye shimo panakuwa tuta. Mahindi tulikuwa tumeshavuna. Mwezi wa tatu unaofuata mama angesimama juu ya mstari wangu mwekundu na kuchimba, kwa jembe la chuma, juu ya waya wenye umeme.

Nimekulia katika mashimo yale. Nimepanda maharage juu ya matuta yale tangu nilipoacha kubebwa mgongoni. Na bado nilichora kama mtu aliyefika jana. Baba mdogo naye hakuona, kwa sababu maisha yake yote amelaza majani tu, hajawahi kuchimba. Fundi ndiyo kabisa. Kwao mihogo inaota kwenye mchanga tambarare.

"Nyie watu wa milimani mnalima ukutani," alisema, akacheka mpaka akashika tumbo. "Mzee, si turudi kwenye nguzo zangu?"

"Umeona, mwanangu?" baba mdogo akasema. "Elimu ya simu ndiyo hiyo."

Nililia. Siwezi kusema vinginevyo. Machozi yalidondoka juu ya mchoro, wino mwekundu ukatanuka. Kila nilichokuwa nakiogopa kuhusu nafsi yangu kilikuwa kimesomwa kwa sauti mbele ya watu. Kilichofuata sikukipanga.

"Mstari nimekosea," nilisema. "Nguzo zako sikukosea kuzikataa. Wala ethi sikukosea. Wala breka. Hakuna mtu atakayemwekea mama waya wa soketi juu ya maji, hata nikosee mara mia."

"Basi mama asilime kipande kile," baba mdogo alitoa suluhisho. "Aache njia ya waya."

"Niache kulima kwa ajili ya waya?" mama akauliza. "Nani ametangulia hapa, mimi au waya?"

Akarudi nje kwenye maharage yake.

Mchana ule ule nilichukua kamba na tepu, nikashuka na njia ya miguu inayozunguka shamba, chini ya miti ya migrivea, ile tunayopita na ndoo tangu enzi za bibi. Njia ile haijawahi kulimwa, imeshindiliwa na nyayo mpaka imekuwa ngumu kama sakafu. Mita sabini na moja. Nilipima mara tatu, na safari hii mama alishika ncha ya pili ya kamba. Nilimwuliza kila hatua tano: hapa unachimba? Hapa je? Nilipaswa kuanza na swali hilo kabla ya kununua hata kalamu. Kwa sababu njia ilikuwa ndefu zaidi, nilikokotoa waya upya, mnene zaidi.

Fundi alirudi wiki iliyofuata, bado ananiita Injinia. Nilikuwa nimekata fimbo na kuiwekea alama ya nusu mita, nikawa naishusha mtaroni kila baada ya hatua moja. Karibu na kona tukakuta jiwe.

"Hapa tupitishe juu juu," alisema. "Kipande kidogo tu."

"Hapana."

"Dada, hata marehemu hatumchimbii hivi!"

Nikavua viatu, nikaingia mtaroni na sururu. Sikuwa na nguvu ya kuvunja jiwe lile, na yeye alilijua hilo. Alinitazama nikilipiga kwa muda, akaguna, kisha akaingia upande wa pili tukaanza kulizunguka. Juu ya waya tukamwaga mchanga, juu ya mchanga tukapanga matofali yaliyobaki ya nyumba, ili jembe lolote lililopotea likutane na tofali kwanza. Tofali la mwisho alilipanga yeye, bila kuambiwa.

Mwezi wa tatu ukafika, na majani yakalazwa. Asubuhi ile mama alipochukua jembe, nilikimbilia kwenye meni swichi nikazima kila kitu. Nilikuwa naujua waya ulipo kuliko ninavyoujua uso wangu, na bado nilizima.

"Umezima?" mama aliita kutoka shambani.

"Nimezima, mama. Chimba tu."

"Washa."

"Mama..."

"Washa, na uwashe taa ya bandani. Nataka kuiona ikiwaka nikichimba. Nimechimba hapa tangu hujazaliwa, sitaanza leo kuchimba kwa woga."

Niliwasha. Nikatoka, nikasimama ukingoni mwa shamba, vidole nimevibana kwapani. Chini kule, kwenye mlango wa banda, balbu ilikuwa inawaka mchana kweupe. Mama alisimama pale pale nilipokuwa nimechora mstari wangu mnyoofu, akainua jembe juu ya kichwa, akanitazama kwanza, kisha akalishusha kwa nguvu zake zote.

Balbu haikucheza. Akainua tena.