Safari ya Nizwa na Bunduki za Plastiki

Mimi si mtu wa kutembea. Tangu tuje Oman kutoka Unguja nimekaa Sur, na nikitoka natoka kwa maziko au kwa harusi. Safari hii ilikuwa ya nikaha ya mjukuu wangu, Hilal bin Nasor. Mama yake alikufa yeye bado ananyonya, nikamlea mimi. Alikuwa ameposa Nizwa, binti wa Shekhe Hamed, jina lake Raya. Babu yangu mzaa baba alitoka Nizwa kwenda Unguja, lakini tangu turudi hapana hata mmoja wetu aliyeoa kule. Watu wa kule walituita Wazinjibari, na kila tulipobisha hodi walitupa kahawa na maneno mazuri, basi. Nikasema moyoni, Hilal akioa Nizwa, nitakufa nikijua kwamba tumerudi kweli.

Alfajiri tuliondoka Sur. Barabara ya pwani ya kupitia Qalhat na Tiwi wakati ule ilikuwa bado mawe na vumbi, kwa hiyo tukashika ya bara, ya Ibra. Gari ya mbele alikuwamo mwanangu Nasor, baba yake Hilal, pamoja na shemeji yangu Seif, mdogo wake marehemu mume wangu. Mimi nilipanda na Hilal. Nyuma yetu wakafuata jamaa na gari zao.

Tulipopita Al-Kamil jua lilikuwa limeshatoka, miti ya msituni imesimama kimya kama watu wanaongoja habari. Nikageuka nikaona mfuko mrefu kiti cha nyuma.

"Umebeba nini, baba? Maiti?"

Akacheka. "Bunduki za mchezo, bibi. Nampelekea Yahya."

Yahya ni kaka yake Raya. Walifanya kazi pamoja, na siku za mapumziko wakicheza vita mabondeni na wenzao, kwa bunduki za plastiki zinazotema punje nyeupe. Ndivyo Hilal alivyoingia nyumba ile. Yahya alitaka kununua yake na Hilal alimwahidi kumfundisha kuchagua. Kwa vile njia ni ndefu, akanifundisha mimi kwanza.

"Kitu cha kwanza kununua si bunduki, bibi, ni miwani. Miwani mizito, isiyovunjika. Punje ikikupata jichoni, umekwisha. Halafu ndiyo utazame bunduki. Ziko za springi, unavuta kila ukipiga. Hizo rahisi, hazina maradhi mengi. Ziko za gesi, lakini kwa joto letu gesi inafura, mipira ya ndani inapasuka. Na ziko za betri, kama hizi zangu, zina gia ndani."

"Na ukishanunua?"

"Unailea. Huiachi ndani ya gari mchana, plastiki inalainika. Punje iliyoanguka mchangani huirudishi, inakwaruza mtutu. Ukitoka kucheza unapitisha kitambaa ndani ya mtutu, na tone moja la mafuta yake maalumu, ya silikoni. Mafuta mengine yoyote yanaula mpira."

"Mbona inataka kutunzwa kama mwari!"

"Ndiyo maana ninafaa kuoa, bibi."

Wallahi tulicheka mpaka Bidiya, kwenye mchanga. Sikucheka tena safari ile.

Ibra tulifika kabla ya adhuhuri. Tulishukia kwa Bi Shamsa binti Khelef, tuliyekuwa jirani naye Unguja. Huku mwanamume akenda kuoa, jamaa zake huingia mtaa wa mke kwa razha, ngoma ya wanaume, na wenye bunduki huzirusha juu zikazunguka na kuzidaka. Bunduki hizo ni za mababu, zinarithiwa. Sisi tulitoka Unguja na nguo za mwilini, hatuna hata ala ya kisu. Mume wake Bi Shamsa alikuwa nazo nne, na alituahidi kutuazima.

Bi Shamsa alitoka mlangoni mikono kichwani. "Shikamoo, dada. Niueni. Mkwe wangu alizichukua juzi kwenda nazo harusini Sinaw, na gari imemharibikia huko huko."

"Marahaba. Si neno, mdogo wangu," nikamwambia, lakini nilimwona Seif amekwisha badilika uso.

"Tutaingia Nizwa na bakora?" akasema. "Kama wachunga mbuzi?" Kisha macho yake yakaenda kwenye gari ya Hilal, kwenye ule mfuko.

Mimi niliingizwa ndani kunywa chai, na kupitia mlangoni niliona yote. Seif alizitoa bunduki za Hilal zote tatu akazilaza mkekani. Kwa kweli ukizitazama kwa mbali ni bunduki, tena za kutisha.

"Babu Seif, hizi za kuchezea," Hilal akasema. "Nizwa watoto wadogo wanajua bunduki. Watatucheka."

"Nani atakayezishika? Zitakuwa hewani."

"Baba, mwambie."

Nasor mwanangu alirudi hatua tatu, akazitazama. Nasor tangu mdogo akiogopa kuchekwa kuliko kupigwa. Mwisho akasema, "Kwa mbali zafanana."

Basi Seif akaomba mafuta ya nazi. Hilal akaruka. "Babu, hayatiwi! Yanaharibu mpira, na mkono utateleza."

"Ya walad, we mtoto, mimi nimepaka mafuta bunduki ya baba yangu kabla baba yako hajazaliwa. Bunduki isiyopakwa ni fimbo."

Akazipaka kitako mpaka mtutu, kama mtu anayekanda mzazi. Zikang'aa. Hilal alichukua kitambaa kufuta, baba yake akamshika mkono. "Acha. Zimependeza."

Kutoka Ibra tulikwenda bila kusimama mpaka njia panda ya Bidbid. Mkono wa kulia ni Fanja na Maskati, sisi tukakata kushoto, tukaingia baina ya majabali. Nilimpa Hilal tende, akazishika tu mpaka zikayeyuka kiganjani.

Alasiri tuliingia Nizwa. Mnara wa ngome ulionekana kabla ya mji, na mitende chini yake, na maji ya falaji, mfereji wa kale, yakipita uchochoroni chini ya kuta za nyumba. Nilitia mkono majini. Nikasema, babu yangu Zahor alitawadha hapa.

Sisi wanawake tulipandishwa ghorofani kwa Bi Salma, mama yake Raya. Hajui Kiswahili, tukasema Kiarabu. Raya alikuwa amekaa pembeni, shela ya kijani kichwani, hina mpaka kwenye vifundo vya mikono. Aliniinamia sikioni.

"Bibi, Hilal chai anakunywa ya maziwa?"

"Ya maziwa, na tangawizi nyingi."

"Tangawizi sijui kutia kiasi."

"Nitakuonyesha, mwanangu. Si tunakwenda wote?"

Akatabasamu. Hapo ngoma ikalia, tukakimbilia dirishani.

Jamaa zetu walikuwa wanaingia uani. Mbele Seif, bunduki juu ya kichwa, na kabla hajaulizwa na mtu akapaza sauti kwa Kiarabu chake kilichopinda: "Hizi za babu zetu! Zilikwenda Unguja, na leo zimerudi Nizwa!" Wazee wa kule wakaitikia kwa heshima. Shekhe Hamed, mwenye nyumba, aliweka mkono kifuani. Nilimwona Yahya amesimama nyuma ya baba yake. Alizijua bunduki zile moja moja. Akatazama chini.

Seif akarusha, akadaka. Nasor akarusha, akadaka kwa tabu. Watu wakamgeukia Hilal, "Bwana harusi! Bwana harusi!" maana yeye lazima arushe. Akarusha mara moja, akadaka. Wakamtaka tena. Mara ya pili ilikwenda juu sana, ikameta, ikashuka ikizunguka, na mkono wake uliposhika, mafuta yakaikataa. Ikaanguka juu ya jiwe la ukingo wa falaji.

Chuma kina sauti yake. Ile ililia kama ndoo ya kuogea. Ikapasuka vipande viwili, na punje nyeupe zikatawanyika uani, nyingine majini, zikaelea.

Ngoma ikanyamaza. Kijana mmoja akacheka, wakafuata wote. "Hawa Wazinjibari! Hata babu zao wametengenezwa Uchina!"

Shekhe Hamed hakucheka. Aliokota nusu ya bunduki, akaitazama ndani, springi na vigia, akaipima uzito kwa kiganja. Akamwendea Nasor.

"Hii ya babu yako?"

Nasor akamtazama Seif. Seif akajifuta mafuta viganjani. Hilal ndiye aliyesema, "Hapana, ami. Yangu ya mchezo. Nimekosa."

"Wewe umesema kweli," Shekhe Hamed akamwambia. "Lakini mimi siozi kwako peke yako, naoza kwa wakubwa wako. Mtu anayesema uongo juu ya babu yake, nimwamini vipi juu ya binti yangu?" Kisha akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko matusi, "Kuleni chakula. Leo hapana nikaha."

Nyuma yangu nilisikia shela inavuliwa. Sikuweza kugeuka kumtazama Raya.

Bi Salma alinisindikiza ngazini, akanipitisha mbele ya baraza la wanaume. Ukutani zilikuwa zimetundikwa bunduki saba, nane. "Hizi zote ni za wageni," akaniambia. "Huku asiye nayo husema sina, tukampa, akarusha yetu. Hapana aibu. Kwa nini hamkusema?"

Kwetu sisi, kuomba mlangoni kwa mkwe ndiyo aibu yenyewe.

Magharibi tulisimama kituo cha petroli, kabla ya Bidbid. Hilal alizitoa bunduki mbili zilizobaki, akazifuta kwa kanzu yake mpya ya harusi, mtutu, kitako, kila pembe. Akavuta triga, ikakoroma, haikutema kitu. "Mpira umeshavimba, bibi," akasema. "Hautarudi." Akaziacha pale pale kando ya pipa la taka. Seif alikuwa ndani ya gari ya Nasor, hakuteremka.

Ibra hatukusimama. Bi Shamsa alikuwa amepika wali wa bi harusi. Tuliona taa zake barabarani, tukapita.

Kwa mwezi mzima tulituma watu Nizwa. Walipewa kahawa na maneno mazuri. Kisha Yahya akampigia Hilal simu kumwambia Raya ameolewa na mtu wa Izki. Hilal mpaka leo hajaoa, na Seif amekufa hatujasema naye juu ya siku ile.

Nilichojifunza katika safari hii ndicho hiki, nanyi jamaa mlioko Unguja na Maskati mkichukue: tulikimbia bila kitu na hapana aliyetulaumu kwa hilo. Tumelaumiwa kwa kujifanya tunacho. Lakini mafunzo yamekuja baada ya mlango kufungwa. Zamani watu wa Sur wakiniuliza, bibi, asili yako wapi, nilikuwa nawajibu Nizwa kabla hawajamaliza swali. Sasa nawaambia mimi wa hapa hapa. Wakiuliza, na kabla ya hapa, nawamiminia kahawa.