Chumvi na Pilipili za Merle Hostetler

Kila Ijumaa Merle Hostetler, mchomelea vyuma wa mji wetu huu jimboni Ohio, alimtukana kocha kutoka jukwaani hadi sauti ikamkauka. "Mipango gani hii, wewe? Hata bibi yangu angepanga afadhali!" Nami, mjinga mimi, nilimpigia makofi. Timu ya shule ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kurusha mpira kwa mikono, ilikuwa imefungwa mechi saba mfululizo, na mrusha mpira wetu alikuwa Cody, mwanawe Merle.

Jumatatu wazazi tulikusanyika ukumbini kutazama video ya mechi, kama kawaida yetu. Kocha akasimamisha picha. Mdakaji wetu yuko pembeni peke yake, anapunga mikono. Cody karusha katikati, kwenye rundo la wapinzani.

"Nilimwagiza arushe pembeni," kocha alisema.

Merle akaruka. "Cody! We kiziwi? Mbona hukumsikiliza?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Si wewe baba uliyesema nisimsikilize? Kila jioni mezani unapanga vichupa vya chumvi na pilipili kama wachezaji, unanionyesha pa kurusha. Mechi zote saba nimerusha huko huko."