Nilimkaribisha Darasani Aliyenirekodi Nikiwa Kwenye Tope

Leo nimelipiza kisasi mbele ya darasa la tatu, na sijutii.

Juzi nilianguka na bodaboda hapa Shelui. Mwalimu mwenzangu, badala ya kuninyanyua kwenye tope, akanirekodi. Video akaitupia kwenye grupu la wazazi. Watu wakacheka hadi basi.

Nikasubiri zamu yangu.

Leo nilikuwa nafundisha matumizi mazuri ya simu. Nikamwomba aje anisaidie. Akaja na tabasamu lake, akawaambia, "Watoto, msimpige mtu picha bila ruhusa yake."

Mwanafunzi wangu Zainabu akanyoosha mkono. (Sikumtuma, jamani!)

"Mwalimu, madamu alikuruhusu kumrekodi akiwa kwenye tope?"

Akanitazama nimwokoe. Mimi nikaendelea kufuta ubao.

"Hakuniruhusu," akasema.

"Muombe msamaha!" darasa zima likapiga kelele. "Na uifute!"

Akaifuta palepale, kisha akaandika msamaha kwenye grupu.

Mkuu wa shule kaniambia nimemdhalilisha mwenzangu mbele ya watoto. Inawezekana. Lakini zile dakika alizosimama pale akinitazama, nilizifaidi zote.

Ungekuwa wewe, ungemwokoa?