Karatasi Yangu Kwenye Sanduku la Maoni

Jamani, mpaka leo naona aibu kupita sokoni. Kwenye mkutano wa reli ya mwendokasi, mzee mmoja wa Mwankoko alitaka stesheni ijengwe kwao. Sisi wa Mtinko tukawaka. Nikasimama: "Shikamoo mzee wangu. Ila wewe unawaza mlangoni kwako tu! Sisi tunawaza alizeti ya mkoa mzima!" Nikashangiliwa.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshatumbukiza maoni yangu sandukuni, nikidhani yatasomwa na wataalamu, Dodoma. Kumbe yanasomwa palepale. Katibu wa mkutano akafungua karatasi yangu, akakohoa: "Mama Neema wa Mtinko anaandika, 'Stesheni iwe hapa. Mume wangu yuko Tabora anajenga hiyo reli, mwaka wa tatu sasa. Nikisikia honi, nibandike maji ya ugali.'"

Yule mzee ndiye aliyeanza kupiga makofi.