Kamba ya Kuanikia

Leo mjukuu wangu alipotia mafuta charahani, ile harufu, wallahi, ilinirudisha Likoni kwa mama. Alikuwa akinishonea kikapu, akizungusha kamba na kuishona kwa charahani mzunguko kwa mzunguko, nitie juzuu yangu kwenda nayo chuoni kusoma Kurani. Kamba ikaisha, kikapu kingali bapa kama sahani. Nikatoka mbio nikafungua kamba ya kuanikia nguo. Kanzu ya baba ya Ijumaa, pu, mchangani!

"We mtoto!"

"Abee, mama."

Akaitazama kanzu, akanitazama mimi, akacheka mpaka akajifuta machozi na leso. "Haya, ilete basi, ishafunguka."

Akanipakata, mikono yangu ndani ya yake, tukakiinamisha kikapu pamoja chini ya sindano, kingo zake zikaanza kupanda. Nami kimoyomoyo naomba kamba isiishe.