Bendera Niliyomchorea Bibi Jirani

Wiki iliyopita nilikuwa najaza fomu za msiba wa Baba. Palipoulizwa nchi aliyozaliwa, niliandika Zanzibar. Karani akanipigia simu: jina hilo halimo kwenye orodha yake, je, aandike Tanzania? Nikamwomba anipe dakika moja. Katika dakika hiyo nikajikuta nipo Herndon, huko Marekani, nina miaka tisa, nimesimama mbele ya mlango uliofungwa.

Kama ulikulia maeneo yale miaka ya tisini ikielekea mwisho, utayakumbuka majengo ya matofali mekundu na ndege za uwanja wa Dulles zilizopita chini hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya mchana. Baba aliegesha magari ya wageni hotelini. Nikishuka basi la shule nilikwenda ghorofa ya chini kwa bibi jirani, mjane wa Kizungu aliyenipa mkate wa magadi wenye zabibu kavu, ungali na moto, na chai nzito ya maziwa. Chai hiyo Baba aliisifu sana. "Mwingereza huyu anajua chai," alisema. Kwa Baba, kila Mzungu aliyekunywa chai ya maziwa kwa kikombe chenye kisahani alikuwa Mwingereza.

Siku moja mwalimu akatuagiza tuchore bendera ya nchi anakotoka jirani wa nyumbani, tumpelekee zawadi. Nikachora ya Uingereza, nikaipaka rangi taratibu nisivuke mistari. Bibi aliitazama kwa muda mrefu. Hakupaza sauti. Aliilaza mezani kifudifudi, akasema kichwa kinamuuma, nikamsubiri Mama ngazini. Kesho yake mlango haukufunguliwa, ingawa redio yake niliisikia ndani.

Mama akashika kiuno. "Sasa mtoto nitamwacha na nani? Zamu hii nikiiacha sipati nyingine. Na wewe, bwana, na Uingereza yako!"

"Si ni kulekule tu?"

"Kulekule? Na wewe nikikuita Mtanganyika, kama mimi wa Tanga?"

Baba akainuka. Akachukua kikapu cha halua alicholetewa kutoka kwao, akanishika mkono. Mama akatufuata.

Bibi alifungua kidogo, mnyororo ungali mlangoni. "Kwetu ni Ayalandi," alisema kabla hatujamsalimia. "Babu yangu alifungwa jela na hao mnaoniita."

"Utuwie radhi, mama," Baba akasema. "Kosa ni langu. Mtoto alinisikia mimi."

"Na wewe wa wapi?"

"Zanzibar."

"Hiyo ni nchi?"

Baba akavuta pumzi ndefu.

"Bibi, mletee kiti," Mama akasema nyuma yetu. "Hapo hatumalizi leo."

Bibi akacheka, akatoa mnyororo.

Alikula halua kwa kijiko cha chai. Akatuambia kuwa marehemu mumewe alitoka Belfast, kaskazini iliyobaki chini ya Uingereza, na alijiita Mwingereza hadi mwisho. Jeneza lake lilifunikwa kwa bendera ileile niliyoichora. "Kwake ilikuwa sawa," alisema. "Kwangu siyo. Miaka thelathini tulikula meza moja, na hakuna aliyemwita mwenzake asivyotaka." Kisha akanigeukia: "Siku nyingine niulize kwanza, mpenzi."

Nilichora nyingine, ya kijani, nyeupe na rangi ya chungwa. Ilikaa kwenye friji yake hadi alipohamia kwa bintiye. Nilipopita pale mwaka jana, mlango wake ulikuwa umepakwa rangi ya kijivu kama milango mingine yote, na hapakuwa na harufu ya mkate.

Karani alikuwa bado yupo kwenye simu. Nikamwambia aache kama nilivyoandika.

"Una uhakika?"

"Baba mwenyewe nilishamuuliza, angali hai," nikasema.

Akasema basi ataona la kufanya. Nikabaki na simu mkononi. Ningetoa chochote kusikia tena ile pumzi ndefu aliyoivuta Baba kabla ya kuanza kueleza.